MAFUNZO YA KIFARANSA: Kitenzi Kimoja cha Kiswahili, Viwili vya Kifaransa

Mtu akisimama Likoni alfajiri akingoja feri, husikia lugha nyingi kabla jua halijapanda: Kiswahili cha Mvita, Kidigo, Kikamba, Kiingereza, na mara kwa mara Kifaransa. Huko Changamwe, penye yadi za makontena na maegesho ya malori yaendayo bara, Kifaransa husikika zaidi, kwa sababu shehena nyingi zishukazo katika bandari ya Mombasa huchukuliwa hadi Kongo, Burundi na Rwanda. Na upande wa Kisauni, katika fuo za Bamburi na Shanzu, huja wageni kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Uswisi kupumzika na kuogelea.

Kwa hivyo si ajabu kuona makarani, madereva, manahodha na wanafunzi wa bara zote tatu za Mombasa wakijitahidi kujifunza lugha hiyo. Wengine huisoma shuleni, wengine huiokota kazini neno kwa neno. Vitabu vya msaada navyo havikosekani: padre mmoja Mfaransa, Charles Sacleux, aliyeishi miaka mingi Unguja na Bagamoyo, alitunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kuchapwa Paris mwaka 1939, na ndani yake hata maneno ya Kimvita yamo.

Lakini kamusi peke yake haitoshi. Shida ya mwanafunzi mara nyingi si kukosa neno, bali ni kuwa na maneno mawili mkononi asijue lipi la kutumia. Kiswahili husema "kujua" mara moja tu. Kifaransa kina "savoir" na "connaître". Kiswahili husema "kuleta". Kifaransa huuliza kwanza: kinacholetwa ni mtu au ni kitu? Asiyejua tofauti hizo hueleweka nusu, na pengine hueleweka vingine kabisa. Somo hili laeleza vitenzi vinavyowatatiza watu wengi zaidi, pamoja na mifano ya hapa hapa bara ya Mombasa.

KUJUA: "SAVOIR" NA "CONNAÎTRE"

"Connaître" (hutamkwa karibu na konetr) ni kumjua mtu, mahali au kitu kwa kuwa umekutana nacho, umekizoea. Baada yake hufuata jina la mtu, la mahali au la kitu. Dereva husema: "Je connais Changamwe", yaani naijua Changamwe, nimepita humo, njia zake si ngeni kwangu. Husema pia: "Je connais ce chauffeur", namjua dereva huyu.

"Savoir" (savwar) ni kujua jambo au habari, au kujua kufanya kazi. Baada yake hufuata sentensi nzima au kitenzi kingine. "Je sais que le bateau arrive demain": najua kwamba meli itafika kesho. "Je sais où est la banque": najua benki iko wapi. "Je sais conduire": najua kuendesha gari. Laweza pia kufuatwa na jina ikiwa ni jambo lililosomwa na kukaririwa, kama mtoto anayesema: "Je sais ma leçon", nalijua somo langu.

Basi mtu akiulizwa na mgeni habari za Kisauni, aweza kujibu kwa njia mbili, na kila njia ina uzito wake. Akisema "Je sais où est Kisauni", amesema tu kwamba aweza kumwonyesha mgeni upande wa kwenda. Akisema "Je connais Kisauni", amejitwika mzigo: amedai kwamba ni mwenyeji wa mitaa yake. Mgeni atakayemlipa ili amwongoze ataka huyo wa pili. Yafaa mtu aseme lile aliloliweza.

Katika wakati uliopita maana huzidi kutengana. "J'ai connu cet homme à Likoni" ni kusema: nilifahamiana na mtu huyu Likoni. "J'ai su qu'il était malade" si "nilikuwa najua kwamba ni mgonjwa", bali ni "nilipata habari kwamba ni mgonjwa". Mwenye kupeleka salamu za msiba au za ugonjwa na aliangalie sana jambo hili.

KUWEZA: "SAVOIR" NA "POUVOIR"

Hapa ndipo mashua huweza kupinduka. Mswahili huuliza: "Waweza kuogelea?" akiwa na maana ya "Umejifunza kuogelea?" Kifaransa hakikubali kuchanganya. Ujuzi uliofunzwa ni "savoir": "Je sais nager", najua kuogelea. Nafasi, ruhusa au nguvu ya wakati ule ni "pouvoir": "Je peux nager", naweza kuogelea, hakuna kinachonizuia.

Nahodha wa mashua zinazowachukua wageni kutazama matumbawe katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyowekwa mwaka 1986 mbele ya fuo za kaskazini, yampasa aulize kwa kitenzi kilicho sawa kabla hajang'oa nanga: "Vous savez nager?" Akiuliza "Vous pouvez nager?" mgeni aweza kudhani anaulizwa kama yuko tayari kuingia majini siku hiyo, akajibu "Oui" kwa furaha, hali hajawahi kujifunza kuogelea maishani mwake. Jibu moja la neno dogo laweza kuwa tofauti ya mtu kuvaa jaketi la kuokolea au kuliacha chini ya benchi.

Mtu aweza kuwa na moja bila ya lingine: "Je sais nager, mais aujourd'hui je ne peux pas, la mer est mauvaise." Yaani: kuogelea najua, lakini leo siwezi, bahari ni chafu.

KULETA NA KUPELEKA: VITENZI VINNE

Kiswahili kina vitenzi viwili hapa, navyo hutofautishwa kwa mwendo: "kuleta" ni kuja na kitu, "kupeleka" ni kwenda nacho. Kifaransa nacho huangalia mwendo, lakini huongeza swali la pili: je, ni kiumbe kinachokwenda kwa miguu yake au kwa kuongozwa, au ni kitu kinachobebwa?

Shina la kwanza ni "mener", kuongoza. Shina la pili ni "porter", kubeba. Mwanzo wa "a-" waelekeza mawazo kwenye kufika. Mwanzo wa "em-" wayaelekeza kwenye kuondoka. Kutoka hapo vitenzi vinne hujipanga vyenyewe:

"Amener": kumleta au kumfikisha mtu au mnyama.
"Apporter": kuleta kitu.
"Emmener": kumchukua mtu au mnyama na kuondoka naye.
"Emporter": kuchukua kitu na kuondoka nacho.

Mama aliye zahanati ya Mtongwe huambiwa: "Amenez l'enfant et apportez sa carte", mleteni mtoto, na mlete kadi yake. Mtoto huongozwa, kadi hubebwa. Dereva wa teksi humwambia mgeni: "Je vous emmène à l'aéroport", nakuchukua twende uwanja wa ndege. Naye mwenye mkahawa anayeuza chakula cha kufungiwa huandika ubaoni: "À emporter."

Yafaa kusemwa kwamba Wafaransa wenyewe, katika mazungumzo ya haraka, huchanganya mara nyingine, wakatumia "amener" hata kwa vitu. Lakini katika barua ya kazi na katika mtihani, aliyejifunza na ashike kanuni. Kuvunja kanuni kwamfaa yule aliyeijua kwanza.

KURUDI: NI MAHALI ALIPOSIMAMA MSEMAJI

Kitenzi "kurudi" cha Kiswahili ni kama feri ya Likoni: huchukua wote bila ya kuwauliza waendako. Kifaransa kina angaa vitenzi vitatu, na ili kuvijua hapana budi kujiuliza kwanza: msemaji amesimama wapi?

"Revenir" ni kurudi hapa alipo msemaji. "Retourner" ni kurudi kule, mahali pengine mtu alipokuwa zamani, ambapo msemaji hayupo. "Rentrer" ni kurudi kwako, nyumbani au mahali pa makao, popote alipo msemaji.

Mfano ni huu. Mchuuzi wa samaki akaa Likoni, naye amevuka kwenda mjini asubuhi. Jirani yake aliyebaki Likoni husema: "Il revient à midi", atarudi hapa adhuhuri. Mteja wake aliye mjini, akiulizwa mchuuzi huyo amekwenda wapi, husema: "Il est rentré chez lui", amerudi kwake. Na ikiwa jioni amesahau mizani yake sokoni, akavuka tena, jirani wa Likoni husema: "Il est retourné en ville", amerudi mjini. Mtu ni yule yule, na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni macho ya mtazamaji.

Wageni hushangaa wakimwona Mswahili akigeuka kwenda zake huku akisema, "Naja!" Lakini Mfaransa naye hufanya hivyo hivyo. Akiondoka mezani kwa kitambo husema "Je reviens", kwa kuwa mawazo yake yamekwisha kurudi pale alipokaa mwenzake. Katika jambo hili lugha hizi mbili zaelewana vizuri sana.

Vitu, kwa upande wake, havirudi kwa vitenzi hivyo. Kumrudishia mtu kitu chake ni "rendre": "Je vous rends votre monnaie", nakurudishia chenji yako.

KUTOKA NA KUONDOKA: HABARI ZA LORI

Karani wa wakala wa forodha Changamwe yampasa asome sehemu hii mara mbili, maana makosa yake hulipwa kwa fedha.

"Sortir" ni kutoka ndani kuja nje. "Partir" ni kuondoka, kuanza safari. "Quitter" ni kuondoka mahali, na mahali penyewe lazima patajwe. Haisemwi "il a quitté" na kunyamaza. Kwa hivyo:

"Le camion est sorti du port": lori limetoka bandarini, limepita lango.
"Le camion est parti pour Goma": lori limeondoka kwenda Goma.
"Le camion a quitté Changamwe": lori limeiacha Changamwe.

Na ichukuliwe kwamba karani amempelekea mfanya biashara wa Goma maneno haya: "Le camion est parti." Mfanya biashara afurahi, awaahidi wateja wake mali, apange watu wa kushusha mizigo. Kumbe lori limetoka lango la bandari tu, limeegeshwa yadini Changamwe likingoja hati. Karani hakusudia kudanganya. Alikuwa na "limetoka" akilini mwake, akaandika neno la kuondoka. Lakini siku zikipita bila ya lori kuonekana, nani atamwamini barua ya pili? Heshima ya kazi huvunjwa na neno moja, na kuijenga tena huchukua muda.

Liko jambo la sarufi la kushika hapa. Vitenzi vya kwenda na kuja, kama "partir", "sortir", "venir", "revenir", "rentrer" na "retourner", katika wakati uliopita hufuatana na "être": "il est parti", "elle est sortie". Lakini "quitter" hufuatana na "avoir": "il a quitté". Na "sortir" ikiwa na maana ya kutoa kitu nje, nayo hugeuka kufuata "avoir": "Il a sorti les papiers", amezitoa hati.

KUACHA: "LAISSER" NA "QUITTER"

Neno "kuacha" lina hatari hata katika Kiswahili chenyewe. Mtu akisema "Amemwacha mkewe", wasikilizaji huuliza kwanza: amemwacha wapi, au amemwacha kwa talaka?

Kifaransa kimezitenga maana hizo. "Laisser" ni kuacha kitu au mtu mahali, huku wewe ukiendelea na safari. "Quitter", likitumiwa kwa mtu, laweza kuwa kuagana naye kwa muda, kama mtu aliyeagana na rafiki njiani. Lakini likitumiwa kwa mke au mume bila ya maelezo mengine, hufahamika kuwa ni kuachana kabisa.

Basi mzee aliyevuka peke yake kutoka Likoni, akaulizwa na mgeni wake Mfaransa, "Na mkeo, Mzee?" akitaka kusema kwamba amemwacha nyumbani akipika, yampasa aseme: "J'ai laissé ma femme à la maison." Akisema "J'ai quitté ma femme", mgeni atainamisha kichwa na kumpa pole kwa kuvunjika kwa nyumba yake, na mama wa watu yuko jikoni akikuna nazi, hana habari kwamba amekwisha kuachwa kwa Kifaransa.

KUSIKIA NA KUONA

Hapa Mswahili ana bahati, kwa kuwa tofauti anazo tayari. "Entendre" ni kusikia, "écouter" ni kusikiliza. "Voir" ni kuona, "regarder" ni kutazama. Sauti ya honi ya feri husikika, atake asitake: "J'entends la sirène." Mwalimu husikilizwa: "J'écoute le maître."

La kuangaliwa ni moja tu. Kiswahili husikia vitu vingi zaidi ya sauti: mtu husikia harufu, husikia njaa, husikia baridi. Masikio ya Mfaransa hayachukui mizigo hiyo. Harufu ni "sentir": "Je sens une odeur de poisson." Njaa na baridi huwa ni mali aliyo nayo mtu: "J'ai faim", "J'ai froid". Asemaye "J'entends la faim" atachekwa, ingawa chakula ataletewa.

KUZURU

"Visiter" ni kutembelea mahali: "Ils visitent le Fort Jésus", wanaitembelea Ngome ya Yesu. Mtu hatembelewi kwa kitenzi hicho. Kwa desturi husemwa "rendre visite à": "Je rends visite à ma tante à Kisauni", namzuru shangazi yangu Kisauni. Kumfanyia shangazi "visiter" ni kama kumkagua jinsi nyumba ya kale inavyokaguliwa na watalii.

PALE AMBAPO KISWAHILI CHATENGANISHA ZAIDI

Isidhaniwe kwamba Kifaransa ndicho chenye maneno mengi kila mahali. Mswahili hutofautisha kupanga nyumba na kupangisha nyumba, kukodi baiskeli na kukodisha baiskeli. Kifaransa kina "louer" tu kwa pande zote mbili, hata mtu akisema "Je loue une maison à Likoni", hapana budi aulizwe kama yeye ndiye mwenye nyumba au ndiye mpangaji. Vivyo hivyo "apprendre" laweza kuwa kujifunza na laweza kuwa kufunza: "J'apprends le français", najifunza Kifaransa, "J'apprends le swahili à mon ami", namfunza rafiki yangu Kiswahili. Herufi chache za "-isha" na "-ji-" zimetuliza katika Kiswahili ugomvi ambao Kifaransa bado kinaumaliza kwa maelezo.

Kwa hivyo mwanafunzi asione haya kwa sababu lugha yake ina kitenzi kimoja mahali fulani. Kila lugha imeweka mipaka yake pale watu wake walipoona haja. Kujifunza lugha ya pili ni kujifunza mipaka mingine iko wapi.

MAZOEZI

Mwanafunzi azigeuze sentensi hizi kwa Kifaransa, kisha ndipo atazame majibu.

1. Naijua njia ya Port Reitz.
2. Nileteeni mtoto wangu.
3. Nileteeni maji.
4. Leo siwezi kuogelea, nina jeraha la mguu.
5. Mfanyakazi wa Changamwe mwenye makao Likoni asema: "Nitarudi nyumbani saa kumi na mbili jioni."
6. Lori limeondoka Changamwe jana.
7. Nimeuacha mwavuli wangu ndani ya feri.
8. Najua kwamba daktari yupo.

MAJIBU

1. "Je connais la route de Port Reitz." Njia ni kitu kilichozoewa.
2. "Amenez-moi mon enfant." Mtoto huongozwa.
3. "Apportez-moi de l'eau." Maji hubebwa.
4. "Aujourd'hui je ne peux pas nager, j'ai une blessure au pied." Si ujuzi unaokosekana.
5. "Je rentrerai à la maison à dix-huit heures." Arudi kwake, tena saa kumi na mbili ya Waswahili ni saa sita jioni kwa Wafaransa, ambao pia huihesabu kuwa ya kumi na nane.
6. "Le camion a quitté Changamwe hier", au "Le camion est parti de Changamwe hier". Yote mawili ni sawa.
7. "J'ai laissé mon parapluie dans le ferry."
8. "Je sais que le médecin est là."

Aliyepata sita au zaidi aweza kuendelea na vitenzi vingine. Aliyepata pungufu na arudie somo taratibu, sehemu moja kwa siku, akitunga mifano yake mwenyewe kutokana na kazi yake: mvuvi kwa samaki wake, karani kwa hati zake, mama kwa wanawe. Haba na haba hujaza kibaba. Na kitenzi kimoja kilichokaa mahali pake chafaa kuliko kumi vilivyomwagwa ovyo.